Nissan GT-R: Ubora Wake Ulikuwa Bei

Ukitaka kuzua kelele kwenye maskani yoyote ya vijana wa magari hapa Mombasa, sema tu kwamba Nissan GT-R haistahili bei yake. Utatajiwa sekunde tatu za kutoka sifuri hadi mia, utatajiwa Nürburgring, ile njia ya mbio ya Ujerumani, utaonyeshwa video kwenye simu mpaka chaji iishe. Nami nasema hivyo hivyo, haistahili, tena nikiwa mtu niliyeipenda GT-R tangu enzi za kuiendesha kwenye mchezo wa kompyuta. Sifa kubwa kuliko zote ya gari lile ilikuwa bei yake, na bei ile haipo tena.

Tukumbushane ilikotoka. GT-R hii ya R35 ilianza kuuzwa Japani Disemba 2007 kwa yen 7,770,000. Mwaka uliofuata ikaingia Marekani kwa dola 69,850. Wakati huo Porsche 911 Turbo, ambayo Nissan waliiwinda bila kuficha, ilikuwa inapita dola 120,000. Na kwa bei hiyo iliyokaribia nusu, Nissan hawakukuuzia rangi na mabawa. Ulipewa injini ya V6 ya lita 3.8 yenye turbo mbili, nguvu za farasi 480, giaboksi ya klachi mbili iliyopelekwa nyuma kwenye ekseli ili uzito usilale wote mbele, na magurudumu manne yote yakivuta. Injini zenyewe zilikuwa zikiunganishwa kwa mkono Yokohama, kila injini na fundi wake mmoja mwanzo hadi mwisho.

Aprili 2008 wakatangaza kwamba wamezunguka Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 29. Porsche hawakuamini. Wakanunua GT-R yao, wakaipeleka kwenye njia ile ile, wakasema wao wamepata dakika 7 na sekunde 54. Nani alisema kweli, shauri yao. Mimi kilichonifurahisha ni kuona Porsche, kampuni ya Stuttgart, imetoa pesa mfukoni kununua Nissan na kuipima. Gari la karibu nusu ya bei yako, kama halikutishi, hulinunui kwenda kulipima.

Basi hapo ndipo GT-R ilipojipatia jina. Ilikuwa gari la mtu wa kazi, daktari mdogo au mwenye duka la spea, anayetaka kumpita tajiri kwenye barabara iliyonyooka. Hakuna aliyesema ndani yake ni pazuri. Plastiki ilikuwa ngumu, giaboksi ikigongagonga ukitembea polepole, na uzito wenyewe ulikuwa zaidi ya kilo 1,700. Watu walisamehe yote hayo kwa sababu ya ile bei iliyoandikwa kwenye kioo.

Halafu bei ikaanza kupanda. Farasi 480 wakawa 530, wakawa 550, na kwenye toleo la 2017 wakafika 570, ndani pakatengenezwa upya kidogo, lakini gari ni lile lile. Uundaji uliposimama Agosti 2025, baada ya miaka 18 na takriban magari 48,000, bei ya chini kabisa Japani ilikuwa imepita yen milioni 14. Marekani toleo la 2024 lilianzia dola 120,000 na ushee. Na 911 Carrera ya mwaka huo huo? Dola 114,400. Soma tena hapo. Katika muda huo Porsche walikuwa wamebadilisha 911 nzima mara mbili, kutoka 997 hadi 991 hadi 992, na bado ile ya kuanzia ikawa chini ya Nissan.

Najua nitakavyojibiwa: Carrera ya kawaida ya 2024 ilikuwa na farasi 379 tu, na ukitaka 911 Turbo utalipa mbali zaidi. Ni kweli. Kwa farasi kwa shilingi, GT-R bado inashinda, na kwenye mbio za taa nyekundu Carrera itaona taa za nyuma. Lakini farasi 570 ni wa kufanya nini kama gari lenyewe, kuanzia umbo hadi giaboksi, lilibuniwa wakati simu za Nokia bado zinatawala? Mtu anayetoa pesa za Porsche ana haki ya kudai gari la umri wa Porsche.

Hayo ni ya Japani na Marekani. Tuje kwetu, maana hesabu ikishafika bandari ya Kilindini inageuka kabisa.

Kwanza ushuru. Kwa viwango vya sasa, gari la mtumba linatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35 ya thamani iliyokadiriwa na KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, si thamani uliyolipa wewe. Juu ya jumla hiyo kunakuja ushuru wa bidhaa, halafu juu ya jumla mpya VAT ya asilimia 16, halafu vijitozo vya uagizaji na reli. Sasa ule ushuru wa bidhaa ndio unaoangalia ukubwa wa injini. Gari la petroli linalozidi cc 3000 linalipa asilimia 35. La chini ya hapo, lakini juu ya cc 1500, linalipa 25.

Injini ya GT-R ni cc 3799. Injini ya 911 Carrera ya kizazi cha 992 ni cc 2981. Toyota Supra ya silinda sita ni cc 2998. BMW M4 mpya ni cc 2993. Wazungu hawa na huyu Mjapani mmoja wamekaa chini kidogo tu ya mstari wetu, bila shaka kwa sababu zao wenyewe, na GT-R imeuruka mzima mzima. Tuseme gari limethaminiwa shilingi milioni kumi. Ongeza forodha inakuwa milioni 13.5. Tofauti ya asilimia kumi hapo ni 1,350,000, na VAT nayo inaila tofauti hiyo, kwa hivyo mwenye GT-R anatoa kama 1,566,000 zaidi ya mwenye gari la thamani ile ile lenye injini ndogo. Pesa hizo haziongezi hata farasi mmoja. Ukitaka ya kuchekesha zaidi, jumla ya tozo zote kwa GT-R inazidi thamani ya gari lenyewe. Unanunua moja, unalipia mbili na kitu.

Lakini ushuru ni mdogo mbele ya sheria ya umri, na hili ndilo linaloniuma. Kenya hairuhusu kuagizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, wala lenye usukani kushoto. Mwaka 2025, gari lililosajiliwa kabla ya Januari 2018 halikuruhusiwa kushuka. Maana yake nini? Zile GT-R za 2008, 2009, 2010, zile za bei ya watu, zile zilizowatisha Porsche, haziingii hapa tena. Mlango umebakia wazi kwa zile za mwisho tu, ambazo ndizo ghali, na ambazo zinazidi kuwa ghali kwa sababu kiwanda kimeacha kuziunda na wakusanyaji wa dunia nzima wameamka. Kijana wa Melbourne anaweza kununua ya 2009 iliyochoka akaitengeneza taratibu. Kijana wa Kisauni hawezi. Sisi tumeachiwa GT-R isiyokuwa na ile hoja ya GT-R.

(Corvette ndiyo ilikuwa mpinzani wake wa kweli kwa bei, ile Z06 ya 2008 yenye V8 ya lita 7. Kwetu haikuwa hata na mjadala, usukani kushoto. Corvette ya usukani wa kulia kutoka kiwandani imekuja na C8, kizazi cha nane, tu, na injini yake ya kawaida ni zaidi ya lita 6. Mwenye ubavu na ajaribu.)

Niliiona moja juzi kwenye yadi, nyeupe, karatasi ya mnada wa Japani bado imebandikwa ndani ya kioo cha mbele. Nje ya yadi pana ukingo mdogo wa barabara, kitu ambacho Probox inauruka bila dereva kukatiza stori. Mteja alitaka kulijaribu gari. Kijana wa yadi akaja na mbao mbili zilizochongwa upande mmoja, akaziweka mbele ya matairi, akapiga magoti kifua kikigusa vumbi ili aone chini ya bampa.

"Njoo, kaka. Njoo. Simama! Kata kulia kidogo."

"Naikata vipi na bodaboda huyu yuko hapa?"

"Basi ngoja apite. Usiguse mafuta, liache litembee lenyewe."

Likatoka, lakini kwa mlio wa mpira wa chini ukisugua zege, na watu wote watatu wakafumba macho. Mwendo wa kwanza wa gari la kilomita 300 kwa saa. Niliuliza bei kwa adabu tu. Aliyonitajia ingeninunulia fleti Bamburi, na ya samani ingebaki.

GT-R iko kama sentimita 11 kutoka ardhini. Sasa chukua sentimita hizo upite nazo matuta ya mitaa ya Nyali, ambayo mengine yamejengwa na wenye nyumba kwa saruji iliyobaki, hayana kipimo wala rangi. Shuka nazo kwenye feri ya Likoni, pale ulimi wa chuma unapokutana na mteremko na maji yakiwa yamekupwa. Halafu matairi: ya nyuma ni 285/35 ya inchi 20, ya aina inayotembea hata ikipasuka, na kiwandani yalijazwa naitrojeni. Ukiingia shimo moja baada ya mvua ya Mei, hutapata mbadala kwa muuza matairi yeyote wa Mwembe Tayari. Utaagiza, utasubiri, na gari litakaa kwenye jeki likila hewa ya chumvi.

Joto nalo lina neno. Turbo inabana hewa, hewa ikibanwa inapata moto, na kile kipoza hewa cha mbele kinategemea hewa ya nje iwe na ubaridi wa kukopesha. Machi hapa kwetu haina cha kukopesha. Kompyuta ya injini ikiona joto limezidi inapunguza nguvu ili isijiunguze, na ndio maana zile namba za video zilizopigwa Japani wakati wa baridi usizihesabu mchana wa jua kali Mtwapa. Hili linagusa kila gari la turbo, Porsche pamoja, kwa hivyo silitumii kuinyonga GT-R peke yake. Nalitaja kwa wale wanaonunua gari kwa kusoma namba.

Wapinzani basi. Kama pesa ipo na moyo unataka gari la kizazi hiki, nachukua 911 Carrera na sitaomba radhi. Inapungukiwa na farasi karibu 200 lakini ni nyepesi, ushuru wake unauma kidogo zaidi ya kidonda cha kawaida, na siku ukichoka utapata mnunuzi Nairobi asiyehitaji kufundishwa ni gari gani.

Lakini gari ambalo kwa maoni yangu limechukua ule ufalme wa GT-R wa 2008 ni Toyota GR Yaris. Usicheke. Ilipotoka 2020, toleo la RZ lilikuwa yen 3,960,000 Japani: silinda tatu, cc 1618, farasi 272, magurudumu manne yanavuta, kilo 1,280. Ndilo gari dogo linalomfanya mwenye gari kubwa aangalie kioo cha nyuma. Cc 118 tu zimeinyima ile ngazi ya chini ya ushuru, roho inaniuma kila nikifikiria. Na kwa umri, zote bado zinaingia nchini, hata zile za mwanzo.

Halafu kuna Safari Rally. Toyota, na Yaris zao za mashindano, walishika nafasi nne za kwanza pale Naivasha 2022, wakarudia 2023. Ninajua gari la Rally1, daraja la juu la mbio hizo, na lile la dukani wanafanana sura tu, chini ni vyuma tofauti kabisa. Lakini GT-R haijawahi kuwa na la kusema kwenye vumbi, na barabara zetu nusu yake ni vumbi. Nissan walikuwa na la kusema zamani, Datsun 240Z yao ilishinda Safari 1971 na tena 1973. Ile ilikuwa gari la milango miwili lililouzwa kwa bei ya mtu wa kawaida na likapiga magari ya wakubwa. Mnaona nilipo?

Kama bado unaitaka GT-R, na najua wapo ambao hoja zangu zote zimewaingia sikio moja zikatoka la pili, basi usiagize. Tafuta ile iliyoingia Kenya kitambo, kabla miaka yake minane haijaisha, iliyokwisha kulipiwa ushuru na mmiliki wa kwanza. Hizo ni chache ila zipo, na ndizo pekee ambazo ile hesabu ya 2008 bado inakaribia kukaa sawa. Uliza giaboksi imewahi kufunguliwa na nani, maana za mwanzo ziliwatoa watu jasho Marekani, waliokuwa wakizima vidhibiti na kuruka nazo kwenye taa. Dai risiti za kubadilisha mafuta ya giaboksi, si ya injini peke yake. Na kama limekaa Pwani, lipandishwe juu, fundi apite na tochi kwenye viunganishi vya nyuma na mabomba ya breki, kisha mzungumze bei.