Mzee Ferencz alifika hadi kwenye kesi yetu

Ndugu mwandishi, asante kwa makala juu ya Benjamin Ferencz, mwendesha mashtaka wa kesi za Wanazi kule Nuremberg, Ujerumani, baada ya Vita Kuu ya Pili, aliyefariki Aprili 2023 akiwa na miaka 103. Ila umeruka jambo linalotuhusu sisi Wakongomani: Agosti 2011, na miaka yake 91, alisimama The Hague, Uholanzi, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), katika hoja za mwisho za mashtaka dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, kesi ya watoto waliotiwa jeshini kule Ituri. Hukumu ya Lubanga, Machi 2012, ilikuwa ya kwanza kabisa ya mahakama ile.

Kule Nuremberg Ferencz alikuwa na miaka 27, mfupi wa kimo, na hiyo ndiyo kesi yake ya kwanza maishani! Mashahidi hakuwategemea. Alitumia siku mbili tu kuweka mezani ripoti za wauaji wenyewe, vikosi vya Wanazi, waliojiandikia tarehe, mahali na idadi ya waliouawa. Washtakiwa 22, wote wakakutwa na hatia. Maavoka (mawakili) vijana wa hapa Bukavu, someni hapo. Domo si ushahidi.

Lakini nina langu. The Hague ni mbali mno. Mwaka 2017 mahakama ya kijeshi ilipohamia Kavumu, karibu na hapa Bukavu, kwa kesi ya watoto wadogo waliobakwa, wazazi waliweza kuifuata kesi papo hapo kwao. Mama wa Bunia, kule Ituri, kesi ya Lubanga aliisikia redioni, kama betri zilikuwemo. Heshima zote kwa Mzee. Sasa tuandikie na juu ya maavoka waliosimamia familia za Kavumu, wangali hai.