Mchango wa mashua ya shule uanzie kwenye korosho

Kila orodha ya mchango wa klabu ya makasia ya shule inayopita kwenye magrupu ya wazazi hapa Mtwara ina mstari mmoja tu: kununua mashua. Inaudhi. Mashua hununuliwa mara moja, maji ya chumvi huila kila siku.

Mashua ya mbao ikilala majini Mikindani hutobolewa na wadudu kuanzia chini, mahali ambapo mwalimu haoni. Dawa yake wavuvi wanaijua: bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, ipandishe chombo, maji yakitoka kikwanguliwe, kichomwe kwa moto wa makuti, maungio yazibwe kwa kalafati, yaani pamba iliyoloa mafuta, kisha chini kipakwe deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Juu kipakwe sifa, mafuta ya samaki. Ukiruka kalafati ukapaka rangi peke yake, rangi huficha ufa, maji hufika kwenye misumari, kutu hupanua matundu na ubao unaachia. Hapo humwiti fundi kutengeneza, unamwita kuunda upya! Pamba, chokaa, shahamu, misumari, ujira wa fundi: vyote vinataka fedha, na kwenye orodha hakuna hata kimoja.

Kazi hiyo ifanyike kusi, upepo mkali wa kusini, ikishika, Juni hadi Agosti, wakati watoto hawapaswi kutoka. Lakini miezi hiyo mzazi wa kijijini hana kitu. Fedha huonekana minada ya korosho ikianza, Oktoba na kuendelea. Basi changisheni wakati huo, na fungu la matengenezo ya kusi likae benki kwa saini tatu. Katika kila shilingi 10,000, 4,000 ziende kwenye mashua, 3,000 maboya ya kuvaa, 3,000 matengenezo.

Wapiga makasia 6 na nahodha wanataka maboya 7, na 2 ya akiba, yanayolingana na uzito wa watoto. Yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, yakaukie kivulini, maana jua huozesha mikanda. Kamba za vishwara, vitanzi vinavyoshika makasia, nazo zinunuliwe za ziada: kishwara kikikatika katikati ya ghuba, upande mmoja hupoteza nguvu na mashua huzunguka.

Mfadhili akileta mashua ya faiba, haya, wadudu hawaili. Ikikwaruzwa na matumbawe bado itataka fundi.

Elimu ni bila ada tangu 2016, kwa hiyo mchango huu ni wa hiari, na mtoto wa asiyechanga apande mashua kama wenzake. Kamati ibandike mapato na matumizi kwenye ubao wa shule kila mwezi, pamoja na stakabadhi za fundi.