Mbona harusi haiahirishwi?

Chukua mtu ambaye nyumba yake imesimama kwenye lenta kwa miaka, cheti cha kuzaliwa cha mwanawe wa kwanza hajakifuatilia, na jino linamsumbua tangu Ramadhani iliyopita. Mpe uweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yake. Wiki haijaisha utamwona na daftari, orodha ya ahadi, anajua nani katoa nusu na nani kazima simu. Saa mbili usiku anapiga: "Kaka, samahani kwa usumbufu, nakukumbusha tu ile ahadi yetu, kikao cha mwisho ni Jumapili." Ukumbi unalipiwa, MC anapatikana, keki inafika. Mtu ni yuleyule.

Ndiyo maana akiniambia tatizo lake ni uvivu, simwamini. Na akiniambia kapoteza hamasa, yuko kwenye simu anatafuta video za kumpandisha mori, namhurumia tu, maana najua video ya kwanza itamletea ya pili, na ya pili itamfikisha usiku wa manane.

Kamati ya harusi haina hamasa ya ajabu. Vikao vinachelewa kuanza, nusu ya muda ni utani kuhusu bajeti ya vinywaji, na kuna mjumbe mmoja ambaye kila wiki anauliza jambo lililopitishwa wiki iliyopita. Lakini tarehe haisogei kwa sababu kadi zimeshachapwa. Kazi imegawanywa mpaka kila mtu anajua anatakiwa kuja na nini Jumapili ijayo. Na kuna watu watakaokuuliza, tena mbele ya wenzako. Cheti cha mtoto hakina hata kimoja kati ya hivyo. Hakuna atakayesimama kikaoni aseme, "Mzee, ile ya RITA imefikia wapi?", yaani kule serikali inakosajili vizazi na kutoa vyeti. Kwa hiyo kinasubiri mpaka mtoto anaomba mkopo wa chuo, bodi inataka cheti kilichohakikiwa, dirisha la maombi linakaribia kufungwa, na baba anaanza kukimbia. Sheria ilimpa siku 90 za kuandikisha kizazi bila kuhesabiwa amechelewa. Sasa kijana ana ndevu.

Naamini sisi tunajua dawa ya kuahirisha kuliko tunavyodhani. Tumeizoea kwenye mambo ya wote, tunainyima mambo yetu wenyewe.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kikoba. Mfumo huu wa kuweka na kukopa kwa hisa ulianzia Niger mwaka 1991, katika eneo la Maradi, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, na baadaye ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Hapa Tanzania tuliupokea kana kwamba ni wetu tangu zamani, labda kwa sababu tayari tulikuwa na upatu. Utaratibu wake umejaa hila za kumzuia binadamu asijidanganye. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Hisa zinanunuliwa kwenye kikao, hadharani, kwa kawaida kuanzia moja hadi tano, zinagongwa muhuri kwenye kitabu chako wote wakiona. Ukichelewa, faini. Simu yako ikilia kikaoni, faini. Hakuna anayekuuliza leo unajisikiaje kuhusu kuweka akiba.

Mtu huyohuyo ukimwachia afungue akaunti benki na kuweka fedha "kila nikipata", mwisho wa mwaka atakuta makato tu. Siyo kwamba kwenye kikoba anapata kipato kingine. Ni kilekile cha kuuza vitenge au mshahara wa ualimu. Tofauti ni kwamba uamuzi wa kuweka ulifanyika mara moja, siku alipojiunga, na tangu hapo hauulizwi tena kila wiki. Uamuzi unaorudiwa kila asubuhi unamchosha mtu, na mtu aliyechoka huamua kesho.

Serikali nayo imejifunza hili, kwa njia yake. Kodi ya majengo zamani ilikuwa jambo la mara moja kwa mwaka: shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida, na muda wote wa kusahau. Agosti 2021 ikahamishiwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, 1,000 kwa mwezi, ukinunua umeme inakatwa. Kwa mwaka ni 12,000, yaani zaidi ya ile ya mwanzo, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 kwa mwezi. Wapangaji walilalamika, na walikuwa na haki, kwa sababu kodi ni ya mwenye nyumba na mita anaitumia mpangaji. Lakini kama somo la tabia ya watu, sijaona jingine bora. Jambo lililokuwa likihitaji safari na nia halihitaji tena hata kukumbukwa.

Upande wa pili wa somo hilo ni laini za simu. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukatangazwa kuwa 31 Desemba. Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi 20 Januari 2020. Waliopita karibu na ofisi za NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa vilivyotakiwa kwenye usajili huo, wiki zile wanazikumbuka foleni. Tuwe wakweli, wengi walikuwa wamekwama kwa sababu namba za utambulisho zenyewe zilikuwa hazijatoka, na hao huwezi kuwaita waahirishaji. Ila wapo waliokuwa na kila kitu tangu Juni. Nakumbuka mazungumzo ya kwenye daladala: "Wataongeza tu." Wakaongezewa. Tarehe inayosogezwa huwafundisha watu kutoiheshimu, na hapa simlaumu mwananchi peke yake. Nchi iliyozoea zimamoto huzaa watu wa zimamoto.

Hata hivyo kuna mambo ambayo kikao hakiyafikii, na hapo ndipo mimi naona wahamasishaji wanakosea kabisa. Hofu. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha kwa kiasi kikubwa ni kujituliza hisia: unaikwepa kazi kwa sababu inakuletea wasiwasi, aibu au uchovu, na ukiikwepa unapata nafuu papo hapo, halafu gharama anabeba yule wewe wa wiki ijayo. Jambo hili halihitaji maabara kulithibitisha. Mtazame mtu mzima na wosia.

Wosia ni karatasi. RITA wanaandika na kuhifadhi, wakili anaandika, msikitini na kanisani watakuelekeza. Kazi yenyewe inaweza kumalizika kabla ya chakula cha mchana. Lakini kuuandika ni kukaa mezani na kifo chako, na pia na wake zako, na watoto wa nje, na kile kiwanja ulichokinunua bila kumwambia mtu. Hapo "sina muda" maana yake ni "sitaki kukaa na hayo". Msemaji wa jukwaani anayekupigia kelele uamke saa kumi alfajiri hajagusa kitu. Utaamka saa kumi alfajiri na bado hutauandika.

Kinachosaidia kwa mambo ya namna hiyo ni kuipunguza hatua mpaka hofu ikose pa kushika. Leo siandiki wosia. Leo naorodhesha tu vitu nilivyo navyo, nyuma ya daftari la duka. Kwenda hospitali kupima kisukari ni kugumu, kumuuliza jirani ambaye ni muuguzi wanafungua saa ngapi si kugumu. Na ukishaanza kuna jambo la ajabu linatokea, ambalo mtu yeyote aliyewahi kufua rundo la nguo Jumamosi analijua: ile hamasa uliyokuwa ukiisubiri inakukuta katikati ya kazi, ndoo ya pili au ya tatu. Haiji kukuchukua nyumbani.

Kingine ni kuifunga kazi kwenye jambo ambalo tayari halikosekani. Watu wa pwani tuna bahati hapa. Tukitaka kukutana hatusemi saa kumi na dakika ishirini, tunasema baada ya Alasiri, na tunakutana. Mtafiti Peter Gollwitzer alionyesha miaka ya 1990 kwamba mtu aliyejipangia "ikifika hivi, nitafanya vile" hutekeleza zaidi ya yule aliyejiwekea nia tupu. "Nitasoma Kiingereza mwaka huu" ni nia tupu. "Nikitoka Alasiri, kabla sijapita kijiweni kwa kahawa, nasoma ukurasa mmoja" ni mpango, na mzuri zaidi kwa sababu kahawa inasubiri upande wa pili.

Wapo watakaosema mtu mzima hastahili kusimamiwa kama mtoto. Mtu mzima huyohuyo kila Jumapili anasomewa jina na deni lake mbele ya watu thelathini na haoni udhalili wowote, anacheka na kulipa. Sioni kwa nini marafiki wawili wasiweze kuulizana kila mwisho wa mwezi: cheti? jino? hati ya kiwanja? Aliyekwama analipa chai na chapati. Aibu ndogo ya chapati inatosha. Ikizidi hapo inageuka hukumu, na mtu ataanza kuwakwepa wanaomuuliza.

Ila kuna mtu ambaye haya yote hayamhusu, naye ndiye anayehubiriwa zaidi. Mama ntilie anayeamka saa tisa usiku kuinjika maharage, akafunga banda saa moja jioni, akarudi nyumbani kupikia wengine. Akikwambia hajaenda kufuatilia kitambulisho mwezi wa nne sasa, usimletee tarehe, wala faini, wala mashahidi. Ofisi zinafunguliwa saa ambazo yeye anauza, na siku asiyouza watoto hawali. Kwenye kikundi kimoja cha wanawake ninachokijua walilipatia hilo jibu bila semina yoyote: mwenye safari ya ofisini anataja siku, mwenzake mmoja anakuja kukaa bandani kwake toka asubuhi hadi mchana, anauza, anaandika hesabu kwenye daftari, na mauzo yote ni ya mwenye banda. Zamu inazunguka kama upatu.