Ufadhili Niliovishwa Mabegani

Katika muhula wangu wa mwisho wa masomo ya uchumi nchini Hispania, nilikuta ukutani tangazo lililoandikwa "Imposición de becas", nikasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeona jina lake kwenye orodha ya bumu. Neno beca nililifahamu tangu wiki ya kwanza: ni fedha za ufadhili wa masomo, tofauti na préstamo, yaani mkopo, ambao hurudishwa. Imposición nilikuwa nimelisoma benki, ambako humaanisha fedha zinazowekwa kwenye akaunti. Nikayaunganisha maneno hayo mawili, na hesabu ikakubali bila kubaki hata senti: wahitimu tunaingiziwa fedha.

Tangazo lilimtaka kila mmoja wetu alipe euro 25 kwa ajili ya beca yake. Mtu mwingine angeshtuka, lakini mimi niliyekulia mahali ambapo hata fomu ya kuomba msaada hulipiwa niliona ni utaratibu wa kawaida, nikalipa. Jioni nikampigia mama simu Morogoro, na kabla hatujaagana fedha zilikuwa zimekwisha kugawanywa: mabati ya nyumba ya bibi, ada ya mdogo wangu, na mjomba, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akaomba akumbukwe kwa chochote kitakachobaki.

Siku ya sherehe nilibeba karatasi yenye namba yangu ya akaunti, ambayo huko huwa na herufi na tarakimu 24, nikiwa nimeiandika kwa uangalifu nisije nikamtajirisha mtu mwingine. Jina langu likaitwa. Mkuu wa kitivo akanivisha utepe mpana wa kitambaa cha rangi ya chungwa, ambayo ndiyo rangi ya wanauchumi, uliokunjwa kifuani mfano wa herufi V huku ncha zake zikipita mabegani na kuning'inia mgongoni, kisha akanipa mkono. Mimi nikampa karatasi. Aliitazama, akanitazama, akaitia mfukoni kwa adabu kubwa huku ukumbi ukipiga makofi.

Baadaye, wageni wakiwa wanakula zeituni, alinisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa ninamdai. Nilipomweleza, alitafuta kiti kwanza. Kumbe beca ndicho kitambaa chenyewe! Katika vyuo vya kale kama San Bartolomé cha Salamanca, kilichoanzishwa mwaka 1401, wanafunzi waliopewa malazi na chakula walitambulika kwa utepe huo juu ya majoho yao, na jina la vazi likahamia polepole kwenye msaada. Imposición nayo, ukiitoa benki, ni kumvika mtu kitu.

Nilimtumia mama picha. Alikaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Umependeza, mwanangu. Mjomba wako anauliza, hicho kitambaa huko kinauzwa bei gani?"

Nikamjibu kwamba ni euro 25, tena nilikwisha kulipa.