Nani Alimwondoa Chui?

Ukuta wa nyumba ya shangazi yangu, Sanawari hapa Arusha, una alama ya X nyekundu. Ilichorwa asubuhi moja ya Julai, ukungu wa Meru haujainuka, na kijana mwenye kopo la rangi alimwamkia shikamoo kwanza ndipo akachora. Barabara ilikuwa ipanuliwe. Shangazi akauliza mbona hakuambiwa. Akajibiwa kwamba ramani ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo kwa miezi kadhaa, yeyote angeweza kuiona. Alipoufuata huo ubao akakuta uko ndani ya korido iliyofungwa, na mwenye ufunguo yuko likizo. Mpaka leo nyumba haijabomolewa, na X haijafutwa.

Jioni ile nilimsimulia kurasa za mwanzo za The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, riwaya ya Douglas Adams ya mwaka 1979. Arthur Dent, Mwingereza asiye na makuu, anaamka na kukuta makatapila nje ya nyumba yake, inapitishwa barabara ya mchepuo. Anaambiwa ramani zilikuwa wazi kwa umma. Naye anaeleza alivyozipata: chini ya ardhi, taa hakuna, ngazi hakuna, zimo ndani ya kabati la mafaili lililofungwa kwa ufunguo, kabati lenyewe limesukumiwa kwenye choo kisichotumika, na mlangoni kuna kibao cha kumwonya mtu ajihadhari na chui. Kibao hicho nilikitafsiri "Chui Mkali", kama vile Mbwa Mkali vya kwenye mageti yetu. Shangazi alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu mzungu," akasema, "ofisi zetu amefika."

Wiki mbili baadaye tuliitazama filamu yenyewe, ile ya mwaka 2005, kwenye kompyuta yangu, sebuleni kwake. Tukamsubiri chui. Arthur akasema alilazimika kushuka chini ya ardhi, halafu mazungumzo yakahamia kwingine. Kabati hakuna, choo hakuna, kibao hakuna. Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, chui yuko wapi?"

Swali hilo ndilo linalonifanya nivipende vitabu vya nyuma ya pazia, vile vinavyoeleza filamu ilivyotengenezwa, kuliko watu wengi ninaowafahamu. Wapo wanaoviona ni matangazo yaliyopigwa jalada gumu, picha za waigizaji wakinywa chai kati ya pazia moja na jingine. Kuna vingi vya namna hiyo, sikatai. Lakini filamu inapotokana na hadithi ya sayansi ya kuchekesha ambayo watu wameikariri sentensi kwa sentensi, kitabu cha aina hii ndicho mahali pekee pa kuuliza nani alishika mkasi, na alikuwa na sababu gani.

Kitabu cha utengenezaji wa filamu hiyo kiliandikwa na Robbie Stamp. Changu nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba karibu na Mnara wa Saa, kimekaa chini ya rundo la vitabu vya mapishi. Stamp hakuwa mwandishi wa habari aliyealikwa kuja kutazama. Alikuwa rafiki wa Adams, alianzisha naye kampuni ya The Digital Village, na kwenye filamu alikuwa mtayarishaji mtendaji. Mtu aliyekaa jikoni namna hiyo anajua chumvi ilitiwa saa ngapi.

Na hadithi hii ilihitaji mtu wa jikoni, kwa sababu ilizaliwa redioni. Ilianza kusikika BBC Radio 4 Machi 1978, ndipo ikawa kitabu, na mwaka 1981 ikawa tamthilia ya televisheni. Sisi tuliolelewa na michezo ya redio, wazee wetu na Pwagu na Pwaguzi, sisi na Twende na Wakati, tunajua redio inavyompa mtunzi uhuru. Redioni, Adams alimpa Zaphod Beeblebrox, rais wa galaksi katika hadithi hii, kichwa cha pili na mkono wa tatu kwa maneno machache tu, na hayo hayakumgharimu mtu hata senti. Ilipofika zamu ya televisheni, mwigizaji Mark Wing-Davey alibebeshwa begani kichwa cha mitambo ambacho kiligoma mara kwa mara. Kwenye filamu, kichwa cha pili cha Sam Rockwell kikafichwa chini ya kidevu, kinachomoza pale kinapotaka kusema. Kichwa kilekile, ufumbuzi tofauti, na kila ufumbuzi umekula siku za kazi za mafundi ambao mtazamaji hatawaona. Mimi hapo ndipo ninapotaka kukaa. Mzaha wa sekunde tatu umemkosesha mtu usingizi wiki nzima, na nataka kujua ni nani.

Au chukua ile tamthilia ya 1981. Michoro yake iliyoonekana kama imetoka kwenye kompyuta haikutoka kwenye kompyuta. Timu ya Rod Lord iliichora kwa mkono, ikaipiga picha kwa kuiangazia taa kwa nyuma. Nilipolijua hilo nilirudi kuitazama upya, na nikaiheshimu maradufu. Mikono ya watu ilikuwa inaigiza mashine.

Filamu ya 2005, iliyoongozwa na Garth Jennings, ilishika njia hiyohiyo ya mikono. Wale Vogon wanene, makarani wa anga wanaoivunja dunia kwa sababu za kiofisi, walitengenezwa na karakana ya Jim Henson's Creature Shop, watu wakaingia ndani na kuwaendesha. Marvin, roboti mwenye huzuni, ni watu wawili: Warwick Davis ndani ya vazi, sauti ya Alan Rickman. Chombo cha anga alichopanda Arthur kinapowageuza abiria kuwa vikaragosi vya sufi, vikaragosi hivyo vilifumwa kweli. Na yule Marvin wa zamani, wa televisheni, amesimama kimya kwenye foleni katika sayari ya Vogon. Asiyemjua anampita. Anayemjua anasisimka.

Lakini vifaa ni upande mwepesi. Mzigo wenyewe ni sauti. Ucheshi wa Adams haumo sana katika matendo, umo kwa msimulizi. Anaposema meli za Vogon zilining'inia angani namna ileile ambayo matofali hayaning'inii, kamera itafanya nini? Itaonyesha meli. Tofali halipo pale, na kichekesho kiko kwenye tofali. Redioni kazi hiyo aliifanya Peter Jones, sauti yake ikawa ndiyo Kitabu chenyewe, ule mwongozo wa galaksi unaotajwa kwenye jina la hadithi, masikioni mwa Waingereza. Jones alifariki mwaka 2000. Filamu ikampa nafasi Stephen Fry, rafiki wa Adams, na michoro ya kundi la Shynola ikaisindikiza sauti yake. Naona walichagua vizuri. Ila msimulizi wa filamu anapewa dakika zake, akimaliza anaondoka, wakati msimulizi wa riwaya anakaa na wewe sentensi zote. Chui alikufa katika pengo hilo. Kichekesho cha chui kinakua kwa kurefuka: chini ya ardhi, kisha giza, kisha ngazi, kisha kabati, kisha choo. Ukikikata katikati hujakifupisha, umebaki na malalamiko ya mtu kuhusu ramani.

Tatizo hilo sisi tunalijua vizuri kuliko tunavyodhani. Nani hakuwahi kuingia kibanda umiza, banda la video la mtaani? Nilikuwa mtoto wa Ngarenaro, shilingi mia mbili mkononi, tumebanana kwenye mabenchi, na kutoka kwenye spika sauti ya Lufufu au DJ Mark ikitusimulia filamu ya Kihindi au ya Kichina. Hawakuwa wakitafsiri neno kwa neno. Waliwapa wahusika majina ya mtaani, walituonya adui akikaribia, walieleza kwa nini bibi yule analia. Filamu nyingine zilipata uhai kwa sababu msimulizi alikaa nasi mwanzo mpaka mwisho. Hicho ndicho Hollywood ilichokuwa ikihangaika nacho kwa hadithi ya Adams, sisi tumekilipia mia mbili.

Kuhangaika kwenyewe kulichukua zaidi ya miaka 20. Haki za filamu zilianza kuzunguka Hollywood mwanzoni mwa miaka ya 1980. Adams alifananisha kutengeneza filamu huko na kuchoma nyama kwa kuwaingiza watu chumbani mmoja baada ya mwingine waipulizie pumzi zao. Mtu wa Arusha, anayejua subira ya jiko la nyama choma, hahitaji kufafanuliwa hapo. Mwaka 1999 alihamia California ili awe karibu na kazi, na Aprili ya mwaka huo akamwandikia David Vogel wa Disney barua ambayo imo katika The Salmon of Doubt, kitabu kilichotoka mwaka 2002 baada ya kifo chake. Anaomba tu wakutane wazungumze. Kisha anaorodhesha namba za simu anakoweza kupatikana, nyingi ajabu, hadi ya duka kubwa anakonunua vyakula. Watu huisoma barua ile wakacheka. Mimi hunichoma. Naona mtu anayebisha hodi kwa heshima zote kwenye mlango wa hadithi yake mwenyewe.

Alifariki kwa moyo tarehe 11 Mei 2001, miaka 49. Mswada ukakamilishwa na Karey Kirkpatrick.

Hapa ndipo kitabu cha nyuma ya pazia kinapokuwa deni kwa marehemu. Filamu ilipotoka, wapenzi wa riwaya walikasirikia vitu wasivyovikumbuka kitabuni: bunduki inayomfanya anayepigwa aone mambo kama anavyoyaona mpigaji, na yule Humma Kavula aliyeigizwa na John Malkovich. Wakasema ni Hollywood imechezea urithi. Kumbe vyote viwili vilitoka kwa Adams mwenyewe, alivibuni kwa ajili ya filamu. Bila watu waliokuwemo kusema hivyo kwa maandishi, tungeendelea kumtetea mtunzi dhidi ya kalamu yake.

Nina lawama moja juu ya vitabu hivi, na si ndogo. Hutoka pamoja na filamu. Cha Stamp nacho ni cha 2005, na mwandishi alikuwa na filamu ya kuuza. Mtu hawezi kuandika siku ya arusi ya mwanawe kwamba bwana arusi na bibi arusi waligombana jana usiku. Kwa hiyo swali la shangazi halikuwa na nafasi ya kujibiwa kwa uchungu unaolistahili. Ningependa sheria ya hiari: picha na vazi la Marvin tupeni mapema, lakini mabishano ya chumba cha uhariri yaandikwe miaka kumi baadaye, wakati hakuna tena tiketi ya kuuzwa na waliobishana wangali hai. Mwaka 2023 kilitoka kitabu kinachoitwa 42, kilichohaririwa na Kevin Jon Davies kutokana na karatasi za Adams zinazotunzwa St John's College, Cambridge. Kina rasimu, barua, maneno yaliyokatwa. Kile ndicho kinanishibisha.

(Anayeipenda hadithi hii na anayeishi Arusha ana furaha yake ndogo. Arthur anavunjiwa nyumba kwa ajili ya barabara ya mchepuo, na katika hadithi hiyo jibu la maswali yote ya maisha ni 42. Barabara yetu ya mchepuo ina kilomita 42.4.)

Sasa tugeuke nyumbani. Filamu ya Hatari!, ya Howard Hawks, ilipigwa maeneo yetu haya, Momella ikiwemo, na ikatoka mwaka 1962. Inafahamika kwamba John Wayne na wenzake walishiriki wenyewe kukimbiza na kukamata wanyama, na kwamba yule kifaru aliyetoroka alitoroka kweli, wakamkamata tena huku kamera zikiendelea. Hayo yote tumeyapata kwa wageni. Aliyetangulia kuona nyayo, aliyeshika kamba upande wa pili, aliyepika chakula cha kambi, walisema nini jioni walipokuwa peke yao kwa Kimeru au Kiswahili? Waliokuwa vijana wakati ule sasa wamepita miaka 80. Na masimulizi ya vibanda umiza yalibaki kwenye kanda za VHS zilizoliwa na ukungu, au hayakurekodiwa kabisa.

Kwa hiyo nimeanza na niliye naye karibu. Kuna mzee wa mtaa wa Unga Limited aliyekuwa akisimulia filamu bandani kwa kipaza sauti, moja kwa moja, bila kanda. Nimemrekodi kwa simu Jumamosi nne sasa. Ananieleza alivyochagua majina, alivyojua kunyamaza, na kwa nini alikataa kuwasimulia watoto mwisho wa filamu moja. Mara ya tatu nilikwenda na shangazi, ambaye njiani alikuwa amemsimulia habari zote za X, ubao na korido. Nikawawekea filamu, nikampa mzee nafasi.

Arthur alipotamka kwamba alishuka chini ya ardhi, mzee alinyoosha mkono akaisimamisha picha. "Subiri," akasema, kwa sauti yake ya zamani ya bandani. "Huyu hajamaliza. Huko chini giza. Ngazi hamna. Kaona kabati, limefungwa. Limewekwa wapi? Chooni! Mlangoni kibao, Chui Mkali. Na chui mwenyewe yuko likizo, ufunguo kaondoka nao."

Shangazi akavua miwani.