Mabua si bahati nasibu

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema mchezo wa mabua wa Wairoquois, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, ulikuwa kamari tu, anayeshinda ni mwenye bahati. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Padri Mfaransa Charlevoix aliukuta mwaka 1721 kwa makabila mengine ya huko, Wamiami na Wapotawatomi, upande wa Ziwa Michigan, na akaeleza unavyochezwa: vijiti vya matete vyembamba kama bua la ngano, urefu wa vidole viwili, kwa kawaida 201, maana idadi lazima iwe witiri. Vinachanganywa vizuri, kisha vinatengwa kwa ncha ya mfupa mafungu ya kumi kumi, na atakayeangukiwa na fungu lenye 11 ndiye anayepata pointi. Yeye mwenyewe aliambiwa ustadi una nafasi sawa na bahati, na mimi naamini. Chukueni njiti za kiberiti mtenge kumi kumi harakaharaka bila kuhesabu kwa sauti, muone jicho na vidole vinavyofanya kazi. Kama mwandishi alitaka bahati, angetaja mchezo wa bakuli wa hao hao Wairoquois: kokwa 6 za pichi, upande mmoja umeunguzwa ukawa mweusi, unatikisa na kungoja. Nao una heshima yake, huchezwa kwenye ibada za katikati ya majira ya baridi. Kuna msomaji aliyewahi kuona mabua haya yakichezwa siku hizi?