Posho za Viongozi wa Chama Zisomwe Mbele ya Wanachama

Mei Mosi ya mwaka 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Tulishangilia, na ilistahili. Ila kwa tangazo hilo kipato cha vyama vyetu vya wafanyakazi nacho kilipanda, na hakuna aliyelizungumzia hilo.

Tupige hesabu. Chama kinachokata asilimia 2 ya mshahara kilikuwa kikipata shilingi 7,400 kwa mwezi kutoka kwa mtumishi wa kima cha chini. Sasa kinapata 10,000. Tawi lenye wanachama 300 wa ngazi hiyo limeongeza shilingi 780,000 kila mwezi, yaani zaidi ya milioni tisa kwa mwaka, na hakuna mwanachama aliyenyoosha mkono kuamua fedha hiyo ifanye nini.

Sisemi chama kikose fedha. Mimi ni mwanachama na nitabaki kuwa mwanachama. Mfanyakazi aliyefukuzwa akifika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, peke yake, akakuta upande wa pili ameketi mwanasheria wa mwajiri na faili lake nene, ndipo anapojua thamani ya kuwa na chama nyuma yake. Katibu aliyeacha kazi yake ili atutumikie muda wote anastahili mshahara mzuri, na nitaupigia kura bila kusita. Ninachodai ni kwamba malipo ya viongozi yasomwe tawini kwa shilingi, cheo kwa cheo.

Tatizo kubwa liko kwenye posho. Viongozi wengi wa matawi hawalipwi mshahara na chama, kwa hiyo ukiuliza mishahara yao utajibiwa, kwa haki kabisa, kwamba haipo. Lakini tazama ile taarifa ya fedha inayosomwa mbiombio mwisho wa mkutano, watu wakiwa wameshaanza kuangalia saa. Tarakimu kubwa kuliko zote utaikuta mbele ya maneno "gharama za utawala". Humo mna posho za vikao, posho za kujikimu za safari, nauli, mafuta ya gari na muda wa maongezi, vyote vimefungwa furushi moja. Niliwahi kuomba mchanganuo wa mstari huo. Mwenyekiti akanijibu kwa upole, "Ndugu mjumbe, hilo ni la kamati," na ajenda ikasonga. Sina ushahidi kwamba kuna aliyeiba hata senti, na simtuhumu mtu. Lakini mwanachama asiyeoneshwa mchanganuo atajitungia wake, na ndiyo maana kila kijiwe cha wafanyakazi kina hadithi ya viongozi "wanaokula".

Sheria haikutuacha yatima katika hili. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakitaka chama kifunge hesabu zake Desemba 31, zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa, na kufikia Machi 31 ziwe zimewasilishwa kwa Msajili wa vyama hivyo na kwenye mkutano wa wanachama au wawakilishi wao. Zaidi ya hapo, mwanachama ana haki ya kuzikagua ofisini kwa chama. Ni wangapi kati yetu tumewahi kwenda kuziomba?

Kuna kundi jingine ambalo hatulisemei kabisa: wale wasio wanachama wanaokatwa ada ya uwakala. Chama chenye wengi mahali pa kazi kinaweza kukubaliana na mwajiri nao wakatwe, kwa kuwa mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu maslahi ya kazi, unawanufaisha pia. Naona ni haki. Lakini sheria inataka ada hiyo isizidi ya mwanachama, iwekwe kwenye akaunti ya peke yake, na itumike tu kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali pale pale pa kazi. Huyu hana kura wala kiti mkutanoni. Kama fedha yake imelipia posho ya safari ya kiongozi kwa shughuli isiyohusu kituo chake cha kazi, atajuaje?

Hali hiyo ya kukatwa bila kuwa na sauti tuliwahi kuwa nayo nchi nzima. NUTA, chama pekee cha wafanyakazi cha wakati huo, ilipoundwa mwaka 1964, katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na aliyeshika cheo hicho, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mwanachama hakuwa na namna ya kumwajibisha. Leo tunachagua wenyewe, ila tunachagua bila kujua cheo kinalipa nini.

Wapo wanaosema tukianika hesabu zetu mwajiri atapata silaha. Silaha ipi? Mwajiri ndiye anayekata, ndiye anayepeleka fedha kila mwezi pamoja na orodha ya majina. Afisa utumishi anajua jumla ya michango yetu hadi shilingi ya mwisho. Asiyeijua ni mwanachama. Kwa hiyo mkutano ujao wa tawi nitauliza tena, safari hii kwa barua yenye saini za wenzangu na kifungu cha 51 kimetajwa ndani yake, na nitaomba jibu liingizwe kwenye muhtasari.